Kufunga Ribu Isibane: Mwongozo kwa Wafumaji wa Sweta, Soksi na Boshori

Shingo ya sweta ya mtoto imefumwa vizuri, ribu, yaani ule ukingo wa michirizi ya wima unaovutika, imelala safi, halafu siku ya kumvisha kichwa kinagoma kupita. Mama anavuta, mtoto analia, na fundi anaambiwa amekosea vipimo. Mara nyingi vipimo havina tatizo lolote. Kinachobana ni mstari mmoja tu, ule wa mwisho, pale vitanzi vilipofungwa, yaani vilipotolewa kwenye sindano kwa namna ambayo kazi haifumuki.

Nafumia Moshi. Mjini mwezi wa pili hakuna anayetaka kusikia habari za sweta, lakini panda Kibosho au Marangu mwezi wa saba uone watu walivyojifunika. Kazi zinazoagizwa sana ni sweta za watoto, soksi, na boshori za wagumu (wapagazi) na waongozaji wanaopanda Kilimanjaro, ambako usiku wa kuelekea kileleni maji ya kunywa huganda kwenye chupa. Zote hizo zina ribu. Ribu iliyofungwa vibaya inaharibu kazi nzima, hata kama kila kitu chini yake ni cha fundi hasa.

Njia nitakayoeleza hapa ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote kwa ribu inayotakiwa kuvutika sana. Ilielezwa na Jeny Staiman kwenye jarida la mtandaoni la Knitty mwaka 2009, na tangu hapo wafumaji wa soksi wameishika. Haihitaji kifaa kipya. Inahitaji uzi kidogo zaidi na mkono usio na haraka.

Kwa nini ufungaji wa kawaida unabana

Ribu inavutika kwa sababu safu zake zinajikunja. Safu moja inajitokeza mbele, jirani yake inarudi nyuma, na kitambaa kinajikusanya chenyewe. Ukivuta, mikunjo inafunguka, ukiachia, inarudi. Ule upana wote wa ziada umejificha kwenye mikunjo.

Mstari wa kufunga hauna mikunjo. Unapovusha kitanzi kimoja juu ya kingine, unatengeneza mnyororo unaolala ubavu juu ya kazi yako, na urefu wa mnyororo ni uzi ule ule uliouachia wakati unafunga. Ribu inataka kufika sentimita 50, mnyororo unaishia 38, basi 38 ndio mwisho wa safari. Ukilazimisha, uzi unakatika pale pale kwenye ukingo.

Wengi tumefundishwa kwamba dawa ni kulegeza mkono. Inasaidia, ila mkono haulegei sawasawa mstari mzima: unaanza na vitanzi vikubwa, ukifika katikati umeshasahau, mwisho umekaza tena. Dawa ya uhakika ni kumpa kila kitanzi kipande chake cha uzi wa akiba, kwa kipimo kile kile, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.

Uzi na sindano

Tukubaliane maneno kwanza, maana kila mtaa una yake. Kitanzi *laini* ni kile unachofuma uzi ukiwa nyuma ya kazi, kinatoka na umbo la V. Kitanzi cha *nundu* unakifuma uzi ukiwa mbele, kinaacha nundu ya mlalo. Ribu ya moja-moja ni laini moja, nundu moja. Ribu ya mbili-mbili ni laini mbili, nundu mbili. Njia hii inafaa zote mbili.

Dukani ukiomba uzi wa sufu, mara nyingi unapewa wa akriliki, kwa sababu jina la sufu limeshazoeleka kwa nyuzi zote za kufumia. Si mbaya, unafulika na una rangi nyingi. Ila haujirudishi kama sufu ya kondoo, hivyo ukiufunga kwa kubana hauna huruma. Kama hujui ulichoshika, kata kipande kidogo, kishike kwa kibano, kichome. Sufu halisi inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu. Usiiguse ikiwa ya moto.

Mimi sufu halisi naipata zaidi kwenye mitumba, masoko ya Kiboriloni na Memorial hapa Moshi. Unachukua sweta kubwa la mtu mzima, unalifumua, una uzi wa sweta mbili za watoto. Lakini geuza ndani kabla ya kulipa. Ukiona mshono wa pembeni umepigwa ovaloki, liache, maana vipande vilikatwa kwa mkasi na ukifumua utapata nyuzi fupi fupi zisizo na kazi. Unayotaka ni ile ambayo vipande vilifumwa kwa umbo lake na kushonewa ukingo kwa ukingo. Uzi uliofumuliwa una mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, uutundike na kitu kizito kidogo chini yake mpaka ukauke. Usiufungie ribu ukiwa bado na mawimbi, utadhani umelegeza kumbe umekaza.

Sindano: tumia zile zile ulizofumia ribu. Huna haja ya kubadili saizi. Kama unatumia spoku za baiskeli, kama wengi tulivyoanza, jihadhari kidogo, chuma kinateleza na kitanzi cha ziada kinapenda kuchomoka. Vijiti vya mianzi vinashika vizuri zaidi. Hata kijiti kinene cha mishikaki kilichopigwa msasa mwembamba na kusuguliwa mshumaa kinatosha kuwa sindano ya mkono wa kulia kwa mstari huu mmoja.

Hesabu ya uzi kabla ya kukata

Njia hii inakula uzi zaidi ya ile ya kawaida, na hakuna kinachouma kama kuishiwa ukiwa umebakiza vitanzi sita. Fanya hivi: funga vitanzi 10, weka alama kwenye uzi ulipofikia, vifumue, upime uzi uliotumika. Tuseme vimekula sentimita 30. Shingo yenye vitanzi 96 itataka karibu sentimita 288, yaani mita 2 na sentimita 88. Ongeza kama sentimita 30 za kumalizia. Kama donge lako haliwezi, punguza mstari mmoja wa ribu sasa hivi. Kuunga uzi katikati ya mstari wa kufunga inawezekana, lakini fundo litaonekana.

Kufunga, hatua kwa hatua

Siri yote iko kwenye kitanzi cha ziada unachokiweka kwenye sindano ya kulia *kabla* ya kufuma kila kitanzi. Mwelekeo wake unabadilika kati ya laini na nundu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Shika kanuni hii moja: uzi unaanzia upande ambao kitanzi hicho hufumiwa, unapanda juu ya sindano, unavuka, unapita chini, unarudi upande ule ule ulioanzia. Laini inafumiwa uzi ukiwa nyuma, kwa hiyo unaanzia nyuma na kurudi nyuma. Nundu ni mbele na kurudi mbele.

Kitanzi cha kwanza kabisa kifume tu, bila kitu cha ziada. Kuanzia cha pili, endelea hivi.

Kama kinachofuata ni laini:

1. Uzi uwe nyuma. Kama umetoka kufuma nundu uko mbele, kwa hiyo upitishe kwanza katikati ya ncha za sindano mbili uende nyuma.
2. Upandishe juu ya sindano ya kulia kutoka nyuma kuja mbele, uushushe, uupitishe chini ya sindano urudi nyuma. Sindano ya kulia sasa ina kitanzi cha ziada. Kikandamize kwa kidole cha shahada kisikimbie.
3. Fuma kitanzi laini kama kawaida.
4. Kwa ncha ya sindano ya kushoto, chukua kile kitanzi cha ziada, kivushe juu ya kitanzi ulichokifuma sasa hivi, kiachie.

Kama kinachofuata ni nundu:

1. Uzi uwe mbele. Kama umetoka kwenye laini, ulete mbele katikati ya ncha za sindano.
2. Upandishe juu ya sindano ya kulia kutoka mbele kwenda nyuma, uushushe, uupitishe chini urudi mbele. Kikandamize kwa kidole.
3. Fuma nundu kama kawaida.
4. Vusha kitanzi cha ziada juu ya hiyo nundu, kiachie.

Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano ya kulia: kilichotangulia na kipya. Vusha kilichotangulia juu ya kipya, kama unavyofunga siku zote. Kinabaki kimoja. Rudia mpaka mwisho wa mstari.

Tazama kwa karibu kitanzi kimoja baada ya kukivusha. Chini ya mnyororo utaona uzi mdogo umekizunguka shingoni. Huo ndio uzi wa akiba. Vuta ukingo kwa vidole gumba viwili, utauona ukinyooka na mnyororo unafunguka. Achia, unarudi mahali pake. Kama huoni mzunguko huo kwenye kitanzi fulani, umesahau kukiwekea cha ziada, na hapo ndipo ukingo utakapokwama.

Mkono ukishazoea, unganisha hatua mbili za mwisho: chukua kitanzi cha ziada na kilichotangulia kwa pamoja, uvivushe vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Kazi inakwenda kasi zaidi. Ila kwa mstari wa kwanza wa maisha yako nakushauri uvivushe kimoja kimoja, maana ukikosea utajua ni wapi.

Jambo moja zaidi la mkono: ukishavusha, usivute uzi "kukaza kidogo". Hiyo tabia ya kuvuta kila baada ya kitanzi inatoka kwenye ushonaji, na hapa inafuta kila ulichokifanya.

Jaribio kabla ya kugusa kazi ya mteja

Anzisha vitanzi 24, fuma ribu ya mbili-mbili mistari 12. Funga vitanzi 12 vya kwanza kwa njia ya kawaida, na 12 vilivyobaki kwa njia hii, kwenye kipande kile kile. Vuta. Upande mmoja utasimama ghafla, mwingine utaendelea kufuata ribu mpaka mwisho wake. Kihifadhi hicho kipande. Mteja akiuliza kwa nini soksi zako ni ghali kidogo, mpe avute mwenyewe.

Kwa kazi halisi, kipimo ni mwili. Kichwa cha mtu mzima kwa kawaida kina mzunguko wa sentimita 54 hadi 60, kwa hiyo boshori iliyolala mezani, hata kama ukingo wake una upana wa sentimita 22, lazima ifunguke mpaka karibu 30, yaani mzunguko wa 60 kwa pande zote mbili, bila kulalamika. Soksi ina mtihani mgumu zaidi, kwa sababu haipiti kwenye kifundo cha mguu tu, inapita kwanza kwenye kisigino na mgongo wa mguu kwa mshazari, ambapo ndipo panene kuliko kote. Na mtoto mchanga, kichwa chake ni kikubwa kulingana na shingo yake, kwa hiyo usipime shingo, pima kichwa.

Kuna wateja wengine ambao kubana si suala la kuvaa na kuvua tu. Bibi mmoja aliyekuja kuagiza aliniambia, "Mwanangu, miguu yangu inavimba jioni, sitaki soksi ya kunikata." Nilimjibu, "Sawa bibi, nitakufungia ile isiyobana," na hata ribu yenyewe nikaifuma ndefu na kwa sindano nene kidogo. Kwa mzee, au mtu mwenye kisukari aliyeambiwa asivae soksi za kubana, sifikirii hata njia nyingine.

Kumalizia

Ukibakiwa na kitanzi kimoja, kata uzi, uupitishe ndani yake. Kama unafuma kwa mzunguko, kutakuwa na ngazi ndogo kati ya mwanzo na mwisho. Tia uzi kwenye sindano butu ya kushonea, pitisha chini ya miguu miwili ya kitanzi cha kwanza ulichofunga, kisha uirudishe ndani ya kitanzi cha mwisho pale ulipotokea. Usivute sana. Ngazi inapotea.

Kuficha mkia ndiko kunakowaponza hata waliofunga vizuri. Wanaupitisha kwa mlalo, sambamba na ukingo, na tayari wamerudisha kamba isiyovutika pale pale walipoiondoa. Shusha mkia kwa wima, ndani, ukifuata safu ya nundu, sentimita nne au tano, kisha urudi juu kwenye safu ya jirani. Kabla ya kukata kilichobaki, vuta ukingo mara kadhaa ili mkia ujipange.

Ukingo ukikataa

Ukingo unaofanya mawimbi kama pindo la gauni la harusi maana yake uzi wa akiba umezidi. Hutokea zaidi kwenye uzi mnene na ribu ya moja-moja. Funga tena kwa sindano ya kulia nyembamba kwa saizi moja. Bado? Weka kitanzi cha ziada kwenye nundu peke yake, laini zifunge kawaida. Kwa sweta za uzi mnene mimi huishia hapo, na ukingo unakaa sawa.

Ukingo ukibana, basi ama unavuta uzi baada ya kila kitanzi, ama umezungusha kitanzi cha ziada upande usio wake, kikapungua urefu kwa kujisokota. Angalia kwanza vitanzi laini. Huko ndiko mwelekeo unakokosewa, kwa kuwa mkono umezoea kuleta uzi mbele na kuupandisha kwenda nyuma.

Na si kila mahali pa kutumia njia hii. Blanketi, skafu, ukingo wa mfuko: funga kawaida. Ribu uliyoanzia nayo, kama ya chini ya sweta inayofumwa kutoka chini, haihusiki kabisa, kule suala ni namna ulivyoanzisha vitanzi.

Njia mbili nyingine za kuwa nazo mkononi

Ya kwanza ni ya haraka. Fuma vitanzi viwili vya kwanza pamoja, ukiingiza sindano kwa nyuma yake, rudisha kitanzi kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja, endelea. Inavutika kuliko ya kawaida, haifikii ile ya juu. Kwa mikono ya sweta inatosha.

Ya pili ni ya kushona, na inahusishwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufundisha Marekani. Kata uzi wenye urefu wa kama mara nne ya upana wa kazi, utie kwenye sindano butu. Pitisha sindano kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya vitanzi viwili vya kwanza, vuta uzi. Kisha pitisha kutoka kushoto kwenda kulia ndani ya kitanzi cha kwanza peke yake, vuta, kiangushe. Rudia. Ukingo wake ni mwembamba na mzuri kwa macho, na kwa boshori naupenda kuliko wowote. Tatizo ni kwamba uzi mrefu unapita ndani ya vitanzi tena na tena, na uzi wa mtumba uliochoka unachakaa kabla hujafika mwisho.

Sweta iliyokwisha kufungwa ikabana

Huna haja ya kuitupa. Tafuta mwisho wa mkia ulipofichwa, ufumue polepole mpaka kwenye kitanzi cha mwisho, kisha fungua mnyororo kimoja kimoja. Kila kitanzi kinachofunguka kipokee kwa sindano nyembamba kuliko uliyofumia, ni rahisi zaidi kuingia. Uzi ule ule hautatosha kufungia upya, kwa sababu njia hii inadai zaidi, kwa hiyo fumua na mstari mmoja wa ribu upate urefu. Vitanzi vyote vikishakaa kwenye sindano, hesabu, hakikisha laini na nundu ziko mahali pake na hakuna kilichogeuka, ndipo urudi kwenye sindano yako ya kawaida na uanze kufunga.